Ibn Battuta: mgeni aliyeandika alichokula pwani yetu

Ukishuka daladala pale njia panda ya Paje, mashariki ya Unguja, hutembei hatua nyingi kabla hujaitwa. Kijana anakuja na orodha ya vyakula mkononi, imefunikwa plastiki isilowe. Anakuonesha pweza wa nazi, kamba wa kuchoma, wali na mchuzi wa samaki, kisha anakutaka umfuate. Akikufikisha mkahawani, mwenye mkahawa humpa chake. Mjini watu wa kazi hii huitwa mapapasi, na jina hilo si la heshima. Papasi ni yule kupe anayejibanza kwenye nyufa za kuta za udongo akatoka usiku kunyonya damu.

Sisi wenyewe tulipokwenda Paje kwa kazi ya redio tulimfuata kijana wa namna hiyo. Bei tuliyoambiwa njiani haikuwa bei tuliyoikuta kwenye hesabu baada ya kula. Tulilipa, tukanyamaza, lakini pale hatukurudi tena. Tukiwa njiani kurudi mjini tukakumbuka kisa cha mtu aliyepokewa bandarini na vijana waliobeba chakula, karibu miaka 700 iliyopita, kwenye pwani hii hii ya Afrika Mashariki. Mtu huyo ni Ibn Battuta. Wengi wamelisikia jina lake shuleni katika somo la historia, wakaambiwa alifika Kilwa, basi. Leo tunasimulia maisha yake kwa upande ambao shule huupita haraka: alikula nini, alilishwa na nani, na alisema nini baada ya kushiba.

Kijana wa Tangier

Ibn Battuta alizaliwa tarehe 24 Februari 1304 katika mji wa Tangier, Moroko, kwenye familia ya wanasheria wa Kiislamu. Mwezi Juni 1325, akiwa na miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaondoka kwenda kuhiji Makka. Aliondoka peke yake, bila msafara wala rafiki wa kumliwaza njiani. Alidhani anakwenda kuhiji. Ikawa kurudi kwao ni mwaka 1349, na mama yake alikuwa ameshafariki kwa tauni iliyoua watu wengi miaka ile. Baba yake alikuwa ametangulia miaka mingi nyuma.

Katika miaka hiyo alipita Misri, Shamu, Bara Arabu, Iraki, Uajemi, pwani yetu, nchi za Waturuki, India, visiwa vya Maldives, hadi China. Baadaye akavuka jangwa la Sahara kwenda Mali. Wanahistoria wanakadiria kuwa safari zake zote zilipita kilomita 100,000, nazo zilikuwa za mguu, ngamia, farasi na jahazi.

Mtu atajiuliza, alikuwa anakula wapi? Mikahawa kama ya leo, ya kukaa mezani na kuagiza, haikuwepo kila mahali. Masoko yalikuwa na vyakula vilivyopikwa, na kwenye njia kubwa kulikuwa na nyumba za wasafiri. Lakini zaidi Ibn Battuta aliishi kwa kukaribishwa. Alikuwa amesoma sheria, na mtu aliyesoma sheria wakati ule alipokewa na kadhi au sultani wa kila mji wa Kiislamu. Elimu yake ndiyo iliyokuwa nauli na posho yake. Kwa hiyo tunapomsikiliza akisifu au akilaumu, tukumbuke kwamba mara nyingi alikuwa mgeni asiyelipa.

Sahani iliyokuja bandarini

Kwenye mwaka 1331 hivi, Ibn Battuta alipanda jahazi Aden. Ulikuwa wakati wa kaskazi, upepo unaosukuma vyombo kutoka Arabuni kuja kwetu. Alianzia Zeila, bandari iliyo kaskazini ya nchi ya Wasomali. Zeila haikumpendeza hata kidogo. Alikuta soko kubwa, lakini mji ulinuka samaki na damu ya ngamia waliochinjwa vichochoroni. Bahari ilikuwa imechafuka siku ile, na bado aliona heri alale jahazini kuliko kulala mjini.

Baada ya siku 15 baharini akafika Mogadishu, na hapo ndipo kisa chetu kinapoanza. Chombo kilipotia nanga, mashua ndogo zilikikimbilia. Kila mashua ilikuwa na vijana, na kila kijana alibeba sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana alimchagua mfanyabiashara mmoja, akampa ile sahani na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Kuanzia hapo mfanyabiashara alikwenda kulala kwa mwenyeji huyo na si kwingine, isipokuwa kama alikwishafika mjini mara nyingi na ana watu anaowajua.

Sahani ile haikuwa zawadi tupu. Mwenyeji ndiye aliyemuuzia mgeni bidhaa zake, na ndiye aliyemnunulia alizotaka. Mwenyeji alipata faida yake. Lakini desturi ilimlinda na mgeni pia. Mtu akinunua bidhaa za mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimuuzia mgeni kitu mwenyeji wake hayupo, biashara ile ilihesabiwa haikufanyika. Kwa maneno mengine, aliyekupa chakula alibeba dhamana yako mbele ya mji mzima.

Kijana mmoja alimfikia Ibn Battuta na sahani yake. Wenzake wa safari wakamwambia kijana kuwa huyu si mfanyabiashara, ni mtu wa elimu. Kijana akawapigia kelele wenzake kuwa huyu ni mgeni wa kadhi. Habari zikafika, kadhi akaja mwenyewe ufukweni pamoja na wanafunzi wake. Hakuna aliyemgombania wala kumvuta mkono. Kila aina ya mgeni ilikuwa na mlango wake.

Chano cha wali

Kadhi alimpeleka kwanza kwa sultani, kama desturi ilivyotaka kwa watu wa elimu. Wakaletewa tambuu na popoo, wakarashiwa marashi ya mawaridi kutoka Damascus. Kisha wakapelekwa kwenye nyumba ya wanafunzi, iliyotandikwa vizuri, na chakula kikaletwa kutoka nyumbani kwa sultani.

Chakula chenyewe msikilizaji wetu atakitambua. Ulikuwa wali uliopikwa kwa samli, umepakuliwa kwenye chano kikubwa cha mbao. Juu yake viliwekwa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni palikuwa na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Palikuwa na maziwa ya mgando, na juu yake achari ya ndimu, mashada ya pilipili yaliyolowekwa kwenye siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Alieleza kuwa embe bivu ni tamu kama tunda lolote, na embe bichi ni kali kama ndimu, ndiyo maana wenyeji huitia siki. Watu walikula tonge la wali, wakafuatisha kidogo cha achari.

Wali, mchuzi, ndizi mbichi, achari ya embe na ndimu: ni karamu ambayo hata leo ingeweza kuliwa kwenye mkeka Paje, Makunduchi au Donge. Lakini tutazame pia visivyokuwepo. Hakuna muhogo, mahindi, mbatata wala tungule. Pilipili aliyoikuta haikuwa pilipili mbuzi wala pilipili kichaa, bali ya jamii ya pilipili manga. Vyakula hivyo vyote asili yake ni Amerika, na vilifika kwetu baada ya Wazungu kuvuka bahari ya Atlantiki mwaka 1492. Basi urojo wenye mbatata na bajia, ukipambwa chipsi za muhogo, hakuonja. Lakini ukali wa embe bichi ndani ya urojo aliujua.

Alikaa siku tatu, chakula kikija mara tatu kwa siku. Hakuwa mgeni wa kusifu tu. Alisema pia kwamba mtu mmoja wa mji ule alikula kiasi cha kushibisha kundi la watu wa kwao, na kwamba walikuwa wanene sana.

Usiku mmoja Mombasa

Kutoka Mogadishu jahazi lilishuka kusini hadi Mombasa. Pale alilala usiku mmoja tu. Hata hivyo aliona mengi. Aliona migomba, milimau na zambarau, tunda ambalo alilifananisha na zeituni kwa umbo na kokwa yake, ila ni tamu sana. Aligundua kuwa wenyeji hawalimi nafaka, huletewa kutoka pwani ya bara, na kwamba chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki.

Kilichomgusa zaidi ni usafi. Kila msikiti ulikuwa na kisima mlangoni, kina chake dhiraa moja au mbili. Watu waliteka maji kwa kikombe cha mbao chenye mpini mwembamba. Walitembea miguu mitupu, na aliyetaka kuingia aliosha miguu kwanza, kisha akaifuta kwenye mkeka mnene. Kwa usiku mmoja ule, watu wa Mombasa walijipatia sifa ya uchamungu na unadhifu ambayo inasomwa mpaka leo. Zeila nayo, kwa usiku mmoja, ilijipatia sifa nyingine, nayo pia inasomwa mpaka leo.

Unguja kitabu chake hakikuitaja kama kituo. Lakini watu walikuwepo kisiwani na dini ilishasimama. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, huko huko kusini ya kisiwa, una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107, zaidi ya miaka 200 kabla ya safari hii.

Ndugu wawili wa Kilwa

Kituo chake cha mwisho upande wetu kilikuwa Kilwa, mji mkubwa uliotajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Sultani alikuwa Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, maana yake baba wa vipaji, kwa wingi wa kutoa kwake. Ibn Battuta alimsifu kuwa mnyenyekevu, mtu anayekaa na mafakiri na kula pamoja nao.

Alisimulia kisa cha fakiri kutoka Yemen aliyemsimamisha sultani akitoka kwenye sala ya Ijumaa na kumuomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Watu wakafurahi mno. Mtoto wa sultani akazikomboa zile nguo kwa kumpa fakiri watumwa kumi. Sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaamuru aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Tusikipite kisa hiki bila kusema linalostahili kusemwa. Watu wale 20 walikuwa binadamu, na ukarimu wa mfalme ulilipwa kwa maisha yao. Ibn Battuta hakuliona hilo kuwa tatizo. Yeye mwenyewe alikuwa na watumwa katika safari zake.

Sultani Hasan alipofariki alirithiwa na ndugu yake, Daudi, ambaye alikuwa kinyume chake kabisa. Akijiwa na muombaji, alimjibu kuwa aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutoa. Wageni walikaa kwake miezi mingi ndipo wakapewa kidogo. Mwishowe wakaacha kubisha mlangoni kwake. Hakuna aliyewafukuza, walikoma kwa hiari yao.

Sambusa za Delhi, karafuu za Mali

Upepo ulipogeuka kuwa kusi, Ibn Battuta alipanda jahazi kurudi Arabuni, akatua Dhofar. Huko aliwaeleza wasomaji wake mnazi, maana wengi wa kwao hawakuujua. Alifananisha nazi na kichwa cha mtu, chenye macho mawili na mdomo, na makumbi yake kama nywele. Alieleza jinsi makumbi yanavyosokotwa kamba za kushonea majahazi, na jinsi nazi inavyotoa tui na mafuta.

Kisha akaenda India, ambako Sultani Muhammad bin Tughluq alimfanya kadhi wa Delhi. Kwenye karamu za huko alikula chapati nyembamba iliyojazwa nyama iliyosagwa na vitunguu, lozi na viungo, ikakaangwa kwa samli. Alitaja na jina lake, nalo ni hilo hilo la sambusa tunazonunua jioni za Ramadhani.

Safari yake kubwa ya mwisho ilikuwa Mali, mwaka 1352 na 1353. Huko alieleza jambo ambalo kwetu lina uzito wa pekee. Msafiri wa nchi ile hakubeba chakula wala fedha. Alibeba vipande vya chumvi, shanga za vioo na viungo, na kiungo kilichopendwa zaidi kilikuwa karafuu. Akifika kijijini, wanawake walimjia na uwele, maziwa, kuku, mchele na unga wa kunde, akanunua alichotaka. Hao ndio mama ntilie wa njiani, miaka karibu 700 iliyopita. Na karafuu ile wakati huo ilitoka visiwa vya mbali vya Maluku, Indonesia. Unguja na Pemba hazikuwa na mikarafuu hadi karne ya 19.

Huko Mali pia chakula kilimuumiza. Yeye na wenzake walikula uji mzito wa kiazi kama jimbi, na asubuhi yake wote sita wakaugua. Mmoja akafa. Ibn Battuta alizimia kwenye sala ya alfajiri, na aliumwa miezi miwili. Alipopata nafuu, sultani wa Mali alimpelekea zawadi ya kumkaribisha. Alisimama kwa furaha akitegemea nguo za thamani na fedha. Ikawa ni mikate mitatu, kipande cha nyama ya ng'ombe iliyokaangwa na kibuyu cha maziwa ya mgando. Alicheka, akawaona watu wale hawana akili. Mtu aliyelishwa na dunia nzima alisahau kuwa mikate mitatu mbele ya mgeni ni chakula cha mtu.

Kitabu na mwisho wake

Aliporudi Moroko, Sultani Abu Inan aliagiza safari zile ziandikwe. Ibn Battuta alisimulia mjini Fez, na mwandishi aitwaye Ibn Juzayy akaandika na kupamba. Kazi ilimalizika mwaka 1355. Ibn Battuta aliishi miaka yake ya mwisho kama kadhi nchini kwake, akafariki mwaka 1368 au 1369.

Alisimulia mambo ya miaka 20 na zaidi nyuma, kwa hiyo si kila kitu alikikumbuka sawasawa. Hata hivyo, kwa pwani yetu ya karne ile, ni shahidi adimu aliyefika mwenyewe, akaonja na kusimulia.

Paje ya leo

Paje ya leo haiishi kwa uvuvi na mwani peke yake. Wageni wanaokuja kucheza na tiara kubwa baharini, pamoja na wafanyakazi kutoka bara na mjini, wote wanahitaji kula. Wako wanaokula kwenye mikahawa ya ufukweni, na wako wanaoingia ndani ya kijiji kutafuta maharagwe ya nazi na chapati kwa bei wanayoimudu. Kila anayekula ana simu mkononi. Usiku huo huo anaweza kuieleza dunia alichopewa na alicholipishwa. Ibn Battuta alingoja zaidi ya miaka 20 kabla habari zake kuandikwa. Mgeni wa Paje hangoji hata chai ipoe.

Ndiyo maana tunarudi kwenye ile sahani ya Mogadishu. Kijana aliyempelekea mgeni chakula naye alitafuta riziki, kama kijana wa Paje anavyotafuta. Hapana aibu katika kazi hiyo. Tofauti ni kwamba yule wa Mogadishu, akishatangaza kuwa huyu ni mgeni wake, alimbeba mpaka mwisho, na mji ulisimama nyuma ya neno lake. Mgeni akipunjwa, biashara ilivunjwa. Wa kwetu akishapata chake mlangoni mwa mkahawa, mara nyingi kazi yake inaishia hapo, na mgeni anabaki peke yake na hesabu.

Sisi tunaona linawezekana. Bei iliyosemwa njiani ndiyo iandikwe kwenye hesabu. Anayeleta wageni ajulikane kwa jina na mtaa wake, na mwenye mkahawa amkatae anayemdanganya mteja, maana hasara si ya mkahawa mmoja. Wageni wa Sultani Daudi hawakugombana naye, waliacha kuja tu. Nasi pale tulipopunjwa hatukugombana.

Na jambo moja la mwisho. Katika habari zote za pwani yetu, Ibn Battuta ametaja sultani na kadhi, lakini aliyepika wali wa samli, aliyepika ndizi kwa maziwa na aliyetia embe kwenye siki hakumtaja hata mmoja. Hatujui kama walikuwa kina mama wa mjini au watumwa wa jikoni. Chakula chao kimebaki, majina yao yamepotea. Safari ijayo ukila vizuri Paje au popote njiani, muulize aliyepika anaitwa nani, umshukuru kwa jina lake.